Je, wajua kwa nini mtoto huliambia gunzi la muhindi "pole"?

Mtoto wa miaka miwili na nusu amelibeba gunzi mgongoni kwa kipande cha khanga. Likichomoka na kuanguka, analiokota, analipangusa vumbi, analipuliza "lilipoumia" na kulibembeleza: "Pole mwanangu, nyamaza." Hakuna aliyemtuma. Dakika tano baadaye anamzaba kofi mdogo wake, kisa kijiko.

Usimwone mnafiki. Kutambua kwamba mwenzako anahisi tofauti na wewe ni kazi ngumu, na huanza mapema. Mwaka 1997, huko Berkeley, California, wanasaikolojia Betty Repacholi na Alison Gopnik walichapisha jaribio la mabakuli mawili, moja la mboga iitwayo brokoli, mbichi, jingine la biskuti. Mtafiti alikula brokoli kwa furaha, akaonja biskuti akakunja uso, kisha akanyoosha mkono aongezwe. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, maana ndizo wazipendazo wao. Wengi wa wale wa miezi 18 walimpa brokoli.

Kwenye umri huohuo ndipo kifuu kinapoanza kuwa sufuria na kijiti kuwa simu. Gunzi halina uso wala sauti, kwa hiyo njaa yake, usingizi wake, kilio chake, vyote mtoto avitunge mwenyewe. Na mchezo hugeuza zamu: aliyelia jana kliniki leo ndiye mwenye sindano, anayesema "usilie, inauma kidogo tu."

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, walipima ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 8. Walipocheza peke yao na wanasesere, eneo linalohusika na kuwafikiria wengine lilifanya kazi zaidi kuliko walipocheza peke yao na tableti. Ila utafiti huo ulidhaminiwa na Mattel, watengenezaji wa mwanasesere Barbie. Mimi nadhani gunzi linatosha kabisa.

Kumlazimisha mtoto, "Haya, mwambie pole!", huleta pole ya kuangalia ukutani. Afadhali mwulize, "Mbona mwanao analia?" uone atafanya nini. Au uwe mgonjwa wewe: lalamika kichwa, kisha tulia. Pengine atakuletea maji kwenye kikombe kitupu, yanywe. Pengine atakudunga sindano ya tatu mfululizo, na hapo utajua kliniki yake yeye ilikuwaje.