Xieyi si kuchora harakaharaka

Siku hizi kila mchoro wa wino wenye madoa mawili na jani moja unaitwa xieyi. Video fupi ya mtu anayemwaga wino kwenye karatasi: xieyi. Nembo ya mgahawa wa tambi: xieyi. Na maelezo yanayofuata huwa yaleyale, kwamba ni mtindo wa Kichina wa kuchora upesi, bila kujali umbo, mradi hisia zitoke. Mtu akishasema hivyo, lazima amtaje mchoraji Qi Baishi na kamba wake wa mtoni.

Maana yenyewe haina urefu. Xieyi ni namna ya kuchora kwa mapigo machache ya brashi, kila pigo likiachwa lionekane lilivyopita, na kiumbe kinatambulika bila kuhesabiwa kila unyoya. Mwenzake ni gongbi, ambapo mistari myembamba huzungushwa kwanza kisha rangi hujazwa tabaka kwa tabaka. Basi, hayo ndiyo mambo ya kamusi.

Kinachoniudhi ni kwamba watu huing'ang'ania nusu ya jina na kuiacha nusu nyingine. Yi ni kusudi, ile maana aliyonayo mtu moyoni, na hapo ndipo maneno yote ya "hisia" na "uhuru" yanapotoka. Lakini xie ni kuandika. Kuchora kuna neno lake, hua. Mchoraji wa Kichina akisema ameandika mwanzi, hajateleza ulimi. Anakuambia mkono wake ulifanya kazi ileile unayofanya unapoandika herufi. Zhao Mengfu, mchoraji na mwandishi wa khati aliyefariki mwaka 1322, alilisema hili waziwazi katika shairi aliloliandika kwenye mchoro wake wa mawe na miti mikavu, ambao leo uko katika Makumbusho ya Kasri, Beijing. Mawe, anasema, yafanywe kwa pigo la "weupe unaoruka", miti kwa hati ya mihuri (mwandiko wa kale wa Kichina), na anayetaka kuchora mwanzi azijue kanuni nane za kuandika. Weupe unaoruka ni lile pigo la brashi isiyo na wino mwingi: manyoya yanaachana, na karatasi inachungulia katikati ya weusi. Ukiutazama mchoro huo, mwamba wote umejengwa kwa mapigo ya aina hiyo. Yule aliyeshika brashi ni mwandishi kabla ya kuwa mchoraji.

Aliyejifunza khati ya Kiarabu atanielewa upesi. Alifu huteremka kwa pumzi moja, lakini urefu wake umepimwa kwa nukta na mkono umefundishwa miaka. Hakuna anayemtazama khatati akasema "anakwaruza tu".

Halafu kuna karatasi. Xuan, inayotoka wilaya ya Jing mkoani Anhui, ikiwa mbichi hunywa wino papo hapo. Ukisita, doa linatanuka. Ukirudia, panajulikana. Wachoraji wa gongbi hupaka karatasi yao gundi na shabu ili isinywe wino, wapate nafasi ya kwenda taratibu. Wa xieyi hana nafasi hiyo, na ndiyo sababu anaonekana ana haraka. Anachokuwa nacho ni uamuzi uliokwisha kufanyika kabla brashi haijagusa.

Sasa turudi kwa huyo Qi, maana anatumiwa kama shahidi wa jambo alilolipinga. Alizaliwa mwaka 1864 Xiangtan, mkoani Hunan, kwa wakulima maskini. Mwili haukumudu jembe, wakampeleka kujifunza useremala, na baadaye akawa mchonga nakshi kwenye vitanda na samani. Ujanani alikuta kwa mteja mmoja kitabu cha zamani cha mafunzo ya uchoraji, *Bustani ya Mbegu ya Haradali*, akakiazima na kukinakili ukurasa kwa ukurasa usiku, baada ya kazi. Akachora picha za watu kwa malipo, akajifunza mashairi, akajifunza kuchonga mihuri. Alipokuwa mzee na maarufu bado alikuwa na muhuri uliosema yeye ni mwanafunzi wa Lu Ban, ambaye maseremala wa China humheshimu kama babu wa ufundi wao. Na mihuri yake aliichonga kwa namna ya kutisha: kisu kinapita upande mmoja wa mstari, mara moja, na upande wa pili jiwe linamong'onyoka lenyewe. Hakurudi kulainisha. Ukitaka kujua mapigo ya brashi yake yametoka wapi, yametoka kwenye patasi na kisu hicho kabla ya kutoka kwenye "hisia".

Beijing alihamia akiwa na zaidi ya miaka 50, na mwanzoni hakuuza. Alikuwa akifuata mtindo mkavu wa Bada Shanren, mtawa wa karne ya 17. Feni ya karatasi aliyoichora aliiuza yuan 2, nusu ya bei ya wenzake. Rafiki yake Chen Shizeng ndiye aliyemhimiza aachane na nyayo za watu, na mwaka 1922 akazipeleka picha zake Japani, ambako zilinunuliwa kwa bei ambayo Beijing hawakuwahi kumpa. Mabadiliko hayo, maua mekundu juu ya majani ya wino mzito, yalimchukua karibu miaka 10. Miaka 10 ni mingi kwa mtu anayesemwa anachora harakaharaka.

Na kamba? Alikuwa akiwafuga kwenye bakuli mezani. Anaanza na wino mwepesi kwa kichwa, kisha kabla haujakauka anatia tone la wino mzito ndani yake, likasambaa hadi ganda likaonekana linapitisha mwanga. Mwili ni mapigo mafupi yanayofuatana, ukipinda pale pale kamba anapopinda. Macho ni vistari viwili vya kulala. Sharubu ndefu zinavutwa kwa ncha ya brashi na hazikatiki. Miguu ya nyuma aliipunguza kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, hadi ikabaki mitano, pungufu kuliko aliyonayo kamba wa kweli. Alijua fika idadi halisi. Alipunguza baada ya kujua, si badala ya kujua. Kauli yake mwenyewe ni kwamba uzuri wa mchoro uko kati ya kufanana na kutofanana: kufanana mno ni kuwabembeleza wasiojua, kutofanana ni kuwadanganya watu. Nusu hii ya mwisho ndiyo isiyotajwa na wamwaga wino.



Kwa hiyo ukikutana na picha yake ya panzi juu ya jani, usiiite xieyi moja kwa moja. Sogea karibu. Jani ni mapigo machache mazito, sawa. Lakini panzi ana mishipa yote ya mbawa, ana miiba midogo kwenye miguu, na vipapasio vyembamba kama uzi. Huyo ni gongbi kamili. Qi aliwachora wadudu wa namna hiyo mapema, macho yake yakiwa bado mazima, akaziweka karatasi kando ili majani yaje baadaye. Alipofariki mwaka 1957 nyingine zilikuwa bado na mdudu peke yake kwenye weupe. Wachina wana jina la mchanganyiko huo, jiangong daixie, na kwa picha ya panzi hilo ndilo la kutumia.