Je, wajua kwa nini bunduki mpya ya kuwindia husafishwa baada ya kila risasi?

Kwenye viwanja vya shabaha vya Marekani si ajabu kumkuta mwindaji mwenye bunduki mpya akipiga risasi moja, akasafisha mtutu, akapiga nyingine, akasafisha tena. Kinachomshughulisha ni sehemu fupi sana ya mtutu: koo, pale risasi inapotoka kwenye chemba, yaani chumba inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na kuumana na michirizi inayoizungusha.

Mitutu ya bei kubwa, kama ile ya kampuni ya Krieger ya Wisconsin, Marekani, husuguliwa ndani kwa kipande cha madini ya risasi kilichopakwa unga mkali, kikivutwa mbele na nyuma. Mikwaruzo inayobaki hufuata njia ya risasi, kwa hiyo haina neno. Shida huja fundi anapochonga chemba. Chombo chake huzunguka, na kooni huacha mikwaruzo inayoikata njia hiyo. Risasi ikipita, huparuzwa kama nazi kwenye mbuzi.

Risasi nyingi za kuwindia zimevikwa shaba iliyochanganywa na zinki kidogo. Chembe zilizoparuzwa hubebwa na gesi ya moto ya baruti, zikaganda mbele zaidi ndani ya mtutu. Zikiachwa, kila risasi huongeza tabaka juu ya tabaka, na bunduki huanza kutawanya risasi zake kwenye shabaha. Ndiyo sababu ya kusafisha kila mara: shaba isirundikane wakati koo bado linalainishwa na risasi zenyewe.

Dawa yenye amonia huyeyusha shaba, na kitambaa hutoka na rangi ya buluu. Baada ya risasi, buluu ikikoma kwa vitambaa vichache tu, kazi imekwisha. Hakuna idadi takatifu ya risasi. Ila ncha ya ufito unaosukuma kitambaa ndani ya mtutu ikiwa ya shaba nayo hutoa buluu, na mtu anaweza kusugua mpaka jioni akifukuza uchafu usiokuwapo. Ufito uingie kwa nyuma, upande wa chemba, kwani mdomo wa mtutu ukikwaruzwa shabaha huharibika.

Wako mafundi wanaosema zoezi lote hili ni kupoteza risasi, kwamba koo hulainika lenyewe kwa matumizi. Kwa mtutu uliopakwa ndani kromiamu, metali ngumu sana, nakubaliana nao. Tena usafi nao una gharama yake: risasi ya kwanza kwenye mtutu uliotakata mara nyingi huangukia kando ya zinazofuata, hivyo wawindaji wengi hupiga moja au mbili za kuuchafua kabla ya kuingia porini.