Kali, arnis au eskrima? Majina ya fimbo za Ufilipino yalikotoka

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanafunzi wapya na hata makocha wa karate, ni hili: kocha, kali na arnis na eskrima, hii mitindo ya kupigana ya Ufilipino, vinatofautiana nini? Jibu langu huwa linawakera kidogo maana nawaambia kwa sehemu kubwa ni kitu kilekile, fimbo ya henzirani, panga, kisu na mikono mitupu, kinachobadilika ni nani anaongea, katokea kisiwa gani na jina lenyewe lilibandikwa mwaka gani.

Tuanze na arnis. Hiyo ni arnés ya Kihispania, vazi la vita. Wahispania walikaa Ufilipino zaidi ya miaka 300, na kulikuwa na maigizo ya jukwaani yanaitwa moro-moro, Wakristo na Waislamu wanapigana kwa mapanga, mavazi yanang'aa, na Wakristo lazima washinde (igizo la nani kwani?). Yale mavazi ndio arnés, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina lilihama kwenye vazi likaenda kwenye mchezo, ikawa arnés de mano, ya mkono, wenyeji wakalainisha ikabaki arnis. Eskrima haina hata mzunguko huo, ni esgrima tu, uchezaji wa upanga, na utaisikia zaidi visiwa vya Visayas hasa Cebu. Kwahiyo majina makubwa mawili yote ni ya mkoloni, na wapo watu roho inawauma sana kwa hilo.

Ndipo kali inapopata soko. Mtandaoni utaambiwa kali ndio mama wa vyote, jina la kale kabisa, eti Lapu-Lapu, kiongozi wa wenyeji, na watu wake walimuua Magellan, nahodha wa msafara wa Hispania, pale kisiwa cha Mactan 1521 kwa kutumia kali. Mimi hapo siendi. Pigafetta, mwandishi wa msafara wa Magellan, alikuwepo kwenye vita ile na akaandika alichokiona, anataja mikuki, mianzi iliyochongwa, mapanga, ila jina la mtindo wa kupigana hakuna. Kalis kama jina la upanga ni la zamani kweli, hilo sibishi, lakini jina la silaha sio jina la mtindo, hivyo ni vitu viwili. Kitabu cha Placido Yambao cha 1957 ni moja ya maandishi ya mwanzo mwanzo yanayosema wazi kwamba arnis zamani iliitwa kali, na 1957 ni juzi tu jamani.

Kilichoisambaza kali ni Marekani. Floro Villabrille, mwalimu Mfilipino, alikuwa anaifundisha Hawaii kwa jina hilo, halafu akaja Dan Inosanto, mzaliwa wa Stockton, California, aliyekuwa mwanafunzi wa Bruce Lee, semina zake zikazunguka dunia na jina likazunguka nazo, ndio maana mtu wa Ulaya anakwambia anacheza kali wakati mzee wa Cebu anasema eskrima na hana habari. Na cha kuchekesha, hapohapo Stockton, mji uliokuwa na vibarua wengi wa Kifilipino mashambani, Angel Cabales alifungua darasa la watu wote 1966 na yeye akaita eskrima tu, Serrada, yaani iliyofungwa, kwa sababu anapigana karibu karibu na fimbo fupi.

Sasa majina ninayoyapenda mimi ni ya klabu, hayo yana ushahidi. Doce Pares ilianzishwa Cebu Januari 1932 na watu wa ukoo wa Saavedra na Cañete pamoja na wenzao. Jina ni la wale mashujaa 12 wa mfalme Charlemagne wa Ufaransa, ambao hadithi zao zilikuwa zinasimuliwa na kuigizwa Ufilipino kote, tena wenyewe wanasema waliopanga kuanzisha walikuwa 12 na siku ya uzinduzi wakafika 24, na pares kwa Kihispania ni jozi pia, kwahiyo jozi 12 ikakaa vizuri kabisa. Yaani klabu ya Kibisaya (watu wa Visayas), jina la Kihispania, mashujaa wa Kifaransa!

Baadaye wakagawanyika. Venancio Bacon, mtu mdogo wa umbo ila hatari, akajitoa na wenzake na 1952 wakaanzisha klabu yao, mazoezi yanafanyika uani kwa Eduardo Baculi aliyekuwa na duka la kutengeneza saa, na mtaa ule unaitwa Balintawak. Basi ikawa Balintawak. Watu wengi wanadhani ni ile Balintawak ya karibu na Manila ya mapinduzi ya 1896 dhidi ya Wahispania, na wanaandika makala ndefu za uzalendo juu ya hilo, kumbe ni mtaa tu wa Cebu. Ila kiufundi Balintawak ina kitu chake kweli, fimbo moja, umbali wa karibu, ule mkono mtupu unafanya kazi muda wote, na ugomvi wake na Doce Pares uliendelea miaka mingi.

Wengine wanabandika ufundi kwenye jina moja kwa moja. Lameco ya Edgar Sulite ni largo, medio, corto, yaani mbali, katikati, karibu, kachukua silabi ya mwanzo ya kila moja. Modern Arnis ya Remy Presas haihitaji maelezo, alitaka vijana waone sio mambo ya babu.

Serikali yao ilivyoona vurugu hii ikapitisha sheria namba 9850 mwaka 2009, arnis ikawa mchezo wa taifa, lakini ndani ya sheria hiyohiyo wameandika inajulikana pia kama eskrima, kali, garote, pananandata kwa Kitagalog, didya kwa Kiilokano na mengine kadhaa. Wametaja karibu yote ili asinune mtu, na wa Cebu bado wanasema eskrima.