Tetere si malaika, na panya buku si jini

Jana magharibi, barazani kwetu Kisauni, panya buku alikatiza uchochoro mbele yetu. Kandambili tatu zikamfuata, hakuna hata moja iliyompata. Juu ya waya wa stima tetere wawili walikuwa wangali wakilia. Mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa tungu chini, akahukumu: "Yule wa juu mja wa Mungu. Huyu wa chini shetani."

Hebu tuyapime maneno haya, na mengine yasemwayo barazani.

"Buku ni panya wa kawaida aliyezeeka." Sivyo. Panya wa mitaroni, hata ale jaa zima la Kongowea, ni nadra kufika nusu kilo. Buku ni jamii nyingine, na hupita kilo moja. Mtazame mkia: huanza kijivu, ukaishia mweupe kana kwamba umechovywa chokaa. Na yale mashavu yaliyofura si maradhi, ni mifuko ya kubebea chakula hadi shimoni.

"Tetere ni mpole." Mwagia mtama uani uone. Madume hupigana vibao vya mbawa mpaka manyoya yaruke. Tena fundi mbovu: kiota chake ni vijiti vichache tu, mayai mawili juu yake.

"Ndege hana maziwa." Kuku hana, kweli. Lakini tetere, mke kwa mume, hutoa ute mzito kama jibini kwenye kifuko cha kooni, na makinda hulishwa huo siku za mwanzo. Kwa buku, kunyonyesha ni kazi ya mama peke yake. Hapo nampa tetere haki yake.

"Buku hana faida." Hili ndilo linaloniudhi. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, buku hufunzwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na mabomu ya ardhini. Macho yake hafifu, pua ndiyo kila kitu, na uzito wake haulipui bomu. Mmoja, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya 70, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Wa uchochoroni bado usimshike kwa mkono, bwana; huuma na huweza kuambukiza.

"Medali? Panya?" mzee akauliza, akiinuka na mguu mmoja pekupeku, kwenda kubisha kwa jirani. Kandambili yake ilikuwa imevuka ukuta.