Mota kali haikifanyi kigari kishinde

Wengi wanaoanza kukusanya vigari vya umeme vya Scalextric au Carrera, vile vinavyofuata mfuo wa njia, huamini kwamba kigari kikichelewa dawa yake ni mota kali zaidi. Sivyo. Njia ya nyumbani imejaa kona, na mota kali hukitupa kigari nje upesi. Ikivuta umeme mwingi mno, yaweza hata kuunguza chipu, kifaa kidogo cha elektroniki kilichomo ndani ya kigari cha kidijitali. Anza na matairi ya nyuma: yasugue kwa msasa laini mpaka yawe duara kamili, kisha yafute vumbi. Halafu kagua brashi za waya chini ya pua. Kwenye mfumo wa kidijitali hizo ni muhimu mno, kwani chipu hupokea umeme na amri za dereva kupitia hapohapo.