Fungua Hiyo Chupa

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kwenye darasa langu la kuonja mvinyo akiwa amekumbatia chupa kama aliyebeba kichanga. Waliinunua likizoni, yeye na mumewe, miaka tisa iliyopita, kwenye duka dogo karibu na ufuo. Haikuwa ya bei kubwa, wala hakuona haya kusema hivyo. "Lakini nimeitunza, mwalimu. Sasa hivi itakuwa imenoga kwelikweli."

Nikamuuliza ameitunza wapi.

"Juu ya friji."

Kizibuo hakikufika mbali. Kizibo kilimegeka katikati, nusu ikatoka na nusu ikabaki shingoni, ikabidi niisukume ndani na kuuchuja mvinyo kwa kitambaa. Ulikuwa mvinyo mweupe. Uliotoka ulikuwa na rangi ya kaharabu na harufu ya tufaha lililopondeka likasahauliwa ndani ya begi. Mdomoni ulipwaya, kisha siki ikaja nyuma yake. Mama akameza, akanyamaza, halafu akasema maneno yaliyoniuma kuliko mvinyo wenyewe: "Labda mimi ndiye sijui. Labda mvinyo wa zamani ndivyo ulivyo."

Hapana, mama. Ulimi wako haukukosea. Mvinyo ulikuwa umekufa, tena siku nyingi. Huyu ni wa nne mwaka huu kuniletea maiti ya namna hiyo, ndiyo maana naandika.

"Mvinyo ukikaa ndio unanoga"

Tumezoea kusema ya kale ni dhahabu. Sawa, lakini dhahabu haishiki kutu. Mvinyo unashika, kwa maana ya kwamba oksijeni inauharibu, polepole ukiwa umefungwa na haraka ukishafunguliwa.

Ipo mivinyo inayofaidika na miaka: Barolo, Bordeaux za daraja la juu, Port ya mwaka mmoja wa mavuno, Sauternes, Riesling nzuri za Ujerumani. Hiyo ina nguzo za kuisimamisha. Ama ina tanini nyingi (kile kinacholeta ukakasi mdomoni), ama asidi kali, ama sukari tele, na juu ya yote ina ladha nzito ya zabibu. Barolo changa ina ukakasi wa kufunga kinywa, kama umetafuna kokwa za zabibu, na kwa kweli tanini hutoka humo humo, kwenye kokwa na maganda. Miaka ikipita tanini hushikamana, nyingine hutua chini kama mashapo, na ule ukakasi hulainika. Anayeiweka chupa ya aina hiyo ana anachokingojea.

Mvinyo wa bei nafuu mtengenezaji ameupangia jambo jingine kabisa. Maganda hayakai sana kwenye juisi, kwa hiyo tanini ni chache. Ukali umesawazishwa. Kilichobaki mbele ni harufu ya matunda, na shabaha ni unywewe jioni ile ile uliyoununua. Wateja wangu wakisikia hivyo hudhani nautukana. Siutukani hata kidogo. Kutengeneza mvinyo unaonyweka vizuri bila kungoja ni ufundi, na mtu aliyefanya kazi hiyo kwa uangalifu unamdhulumu ukiifungia kazi yake kabatini miaka tisa.

Sasa kinachopotea ni nini? Harufu zile za matunda kwa sehemu kubwa zinatokana na esta, yaani kemikali zenye harufu, ambazo huzaliwa hamira inapochachusha sukari ya zabibu. Esta hazidumu. Humo humo ndani ya chupa huvunjika kidogo kidogo, na joto likiwapo huvunjika upesi zaidi. Mvinyo wenye nguzo, ukipoteza harufu za ujana, huibua nyingine nyuma yake: ngozi, asali, majani makavu, udongo uliolowa. Mvinyo mwepesi hauna cha kuibua. Ukishatoka umetoka.

Mkitaka mfano uliopitiliza, tazameni Beaujolais Nouveau ya Ufaransa. Zabibu huvunwa mwishoni mwa kiangazi cha huko, na Alhamisi ya tatu ya Novemba mwaka huo huo chupa ziko dukani. Huo ni wa kunywa katika miezi michache. Kuuweka hadi Novemba ya mwaka unaofuata ni kujitafutia huzuni.

Kwa hiyo kipimo changu, kuanzia mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye lebo: mvinyo wa waridi (rosé) ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, mweupe mwepesi mwaka mmoja hadi miwili, mwekundu wa kawaida miwili hadi mitatu. Mvinyo wa boksi uharakishe zaidi, kwa sababu mfuko wa plastiki ulio ndani hupitisha hewa kidogo hata kabla haujafunguliwa. Mwaka haupiti. Lakini boksi lina sifa yake ambayo chupa haina: likishafunguliwa, mfuko hunywea kadiri unavyomimina, hewa haipati nafasi, na mvinyo hudumu wiki nne hivi bila shida. Waaustralia walilibuni mwaka 1965, na mpaka leo kuna watu wanaona aibu kuliweka mezani. Mimi silioni tatizo lake, hasa kwa anayekunywa glasi moja jioni na kufunga.

Na juu ya friji! Ukiniambia nichague mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, ni hapo. Friji hutoa joto kwa nyuma na joto hupanda. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo, ukipoa hurudi na kuvuta hewa, na hivyo hivyo kila siku. Jikoni kuna taa pia, na mvinyo mweupe au wa waridi kwenye chupa isiyo na rangi ukikaa kwenye mwanga mkali huharibika hata ndani ya siku chache, ukanuka kabichi iliyochemshwa. Panapofaa ni penye giza, pametulia, na baridi kiasi, nyuzi 12 hadi 14 ukiweza. Huwezi? Basi chini ya kabati la chumba cha kulala, chupa ya kizibo ukiilaza, na usiipe muda mrefu.

(Kila darasa lina mzee mmoja anayenyoosha mkono hapa kuniambia kuhusu Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno. Ni kweli, mzee. Mapipa yake yalivuka ikweta melini, jua likiyapika, na mvinyo ukarudi mtamu zaidi, hata leo baadhi hutengenezwa kwa kupashwa moto miezi mitatu. Madeira imeongezwa pombe kali na imeshapikwa na kuonja hewa kabla hujainunua. Chupa yako ya ufukweni haijapitia mafunzo hayo.)

Ushauri wangu usiobadilika, na wanaonijua wamechoka kuusikia: nunua kalamu ya wino mzito, na kila chupa inayoingia ndani iandike tarehe begani. Ukiona tarehe yako mwenyewe ina mwaka na nusu, hutahitaji mwalimu. Na chupa ya likizo ifungue ndani ya mwezi mmoja wa kurudi, kabla hujasahau jina la kile kijiji.

"Ule wa kule ulikuwa safi. Huu wa kuuzwa nje wameuchakachua"

Huu nao nausikia kila msimu wa likizo ukiisha. Mtu amekunywa wiki mbili mvinyo wa jagi kwenye mkahawa wa kando ya bahari, kichwa hakikumuuma hata siku moja. Amerudi, amenunua chupa ya eneo lile lile, akasoma kwenye lebo "ina salfaiti" (kemikali ya kuuhifadhi mvinyo), na hapo hapo amepata mshtakiwa.

Jagi halina lebo, ndugu yangu. Hukuona maandishi kwa sababu hapakuwa na pa kuyaandika. Salfaiti zilikuwamo kule pia, na hata mtengenezaji asipoongeza chochote hamira yenyewe huzitoa kidogo wakati wa kuchachusha. Umoja wa Ulaya unadai zitajwe kwenye lebo zikizidi miligramu 10 kwa lita, na kiwango cha juu kwa mvinyo mkavu, usio na utamu wa sukari, ni miligramu 150 kwa mwekundu na 200 kwa mweupe. Angalieni hapo: mweupe umeruhusiwa nyingi zaidi, na bado watu wanaolalamikia salfaiti karibu wote wanaulaumu mwekundu. Wapo wachache wanaodhurika nazo kweli, hasa baadhi ya wenye pumu, na hao sibishani nao. Wengine nawauliza walikunywa glasi ngapi, na maji mangapi. Majibu huwa mafupi.

Kilichobadilika ni mnywaji. Kule ulikunywa polepole, na chakula, jua likizama, simu ikiwa chumbani, na jagi limetoka kwenye ubaridi likiwa na jasho. Hapa umefungua chupa saa tatu usiku umesimama jikoni. Na kama uliibeba mwenyewe, ikakaa mchana kutwa kwenye buti la gari juani, basi uliipika.

"Mwekundu haupoozwi"

Msemo wa kwamba mwekundu unyweke kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za zamani za Ulaya zisizo na mitambo ya kupasha joto, zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako kina ngapi? Mwekundu ukiwa na nyuzi 26 pombe inapanda puani na ladha inalegea kama uji. Uweke kwenye friji dakika 20 hadi 30. Mweupe fanya kinyume chake: utoe dakika 15 kabla, kwa sababu baridi kali huficha harufu. Hakuna jambo jingine litakaloupandisha daraja mvinyo wa bei nafuu kwa gharama ya sifuri kama hili, na hakuna ushauri wangu unaopuuzwa zaidi.

Mengine, kwa haraka

Kung'oa kizibo saa moja kabla "upumue" hakufanyi kitu. Tazama upana wa shingo ya chupa: mvinyo unaogusa hewa ni kama sarafu moja. Ukitaka upumue, umimine kwenye jagi.

Kifuniko cha kuzungusha si alama ya uduni. Watengenezaji wa Riesling wa Clare Valley, Australia, walikihamia kwa pamoja mwaka 2000 kwa sababu walichoka na vizibo vinavyotia mvinyo harufu ya kadibodi iliyolowa. Harufu hiyo ukiikuta dukani au mkahawani, rudisha chupa. Ni haki yako.

Yale machozi yanayoteremka ndani ya glasi hayasemi lolote kuhusu ubora. Ni pombe inayofuka haraka kuliko maji na kuuvuta mvinyo ukutani, jambo lililokwisha kuelezwa na mhandisi James Thomson mwaka 1855. Anayeyatazama na kutikisa kichwa kwa hekima anapima pombe tu.

Kijiko kwenye shingo ya shampeni hakihifadhi mapovu. Ubaridi ndio unaosaidia, na kizibo cha kubana.

Na bei? Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Wa dola 90 ukawapendeza zaidi, na mashine ikaonyesha hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Kwa hiyo darasani mimi huvisha chupa soksi. Soksi safi, nilizonunua kwa kazi hiyo tu. Fanyeni nyumbani: chupa tatu, soksi tatu, mtu mmoja wa kumimina anayejua kutunza siri. Mtashangaa nani atasifu nini.

Mama yule aliniandikia jana. Ana chupa nyingine, ya safari ya mwezi uliopita, ya waridi, na mwanawe anaoa baada ya miaka miwili. Anauliza itafika? Nimemjibu kwa swali: leo usiku mnakula nini?