Hewa Chafu, Kifua cha Mtoto na Daftari la Mahudhurio

Dhana: Mtoto akikohoa na kukosa shule wakati wa baridi, hayo ni mafua, hewa haihusiki.

Ukweli: Jambo hili lilipimwa bila mtu kulikusudia katika Bonde la Utah, Marekani, pale kiwanda cha chuma cha Geneva, kilichokuwa chanzo kikuu cha chembechembe za moshi bondeni humo, kilipofungwa kwa takriban miezi 13 kuanzia Agosti 1986 kutokana na mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri. Baridi ilikuja kama kawaida, ila moshi ulipungua sana. Mtafiti Arden Pope alipolinganisha rekodi za hospitali aliona kuwa watoto wadogo waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa karibu mara mbili zaidi kiwanda kikifanya kazi kuliko kilipofungwa. Kisha yeye na Michael Ransom wakafungua madaftari ya mahudhurio ya shule za msingi, na mwaka 1992 wakaonyesha kwamba wastani wa chembechembe hizo kwa siku 28 ulipopanda kwa mikrogramu 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa, idadi ya wanafunzi wasiofika shuleni iliongezeka kwa takriban asilimia 40. Mwalimu anayeandika “mtoro” kila Jumatatu angefaa kwanza kuuliza kifua cha mtoto kikoje.

Dhana: Maziwa husafisha kifua kilichovuta moshi au vumbi.

Ukweli: Maziwa huenda tumboni, hayafiki mapafuni. Chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, yaani kama moja ya thelathini ya upana wa unywele, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na nyingine huingia katika damu. Mtoto apewe maziwa kwa kuwa ni chakula kizuri, basi.

Dhana: Moshi wa jikoni umewalea bibi na babu zetu, wala haukuwadhuru.

Ukweli: Wanaotoa ushahidi huo ni waliosalimika; waliokufa kwa nimonia wakiwa wachanga hawapo kusema. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa moshi wa nyumbani karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu, na mtoto aliye mgongoni kando ya mafiga huvuta pumzi nyingi kwa dakika kuliko mama yake, huku mapafu yake yangali yanakua. Mkaa, unaosifiwa kwa kutotoa moshi mwingi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyoonekana wala kunusika, na ndiyo huua familia zinazolala na jiko chumbani.

Dhana: Pampu ya pumu humlemaza mtoto, heri avumilie.

Ukweli: Dawa ya kuvuta hailevyi wala haimfanyi mtoto mtumwa wake. Ile ya kuzuia shambulio itumike kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima, na ile ya kutuliza iwe shuleni, mahali ambapo mwalimu wa darasa anapafahamu na hapafungwi kwa kufuli.